Barua kutoka Almaty: Tambi za Baridi

Dada yangu,

Uliniuliza kwenye simu huku Kazakhstan wanakula nini zaidi ya nyama ya farasi. Farasi analiwa, na ni mtamu, lakini leo nakuandikia habari za Wakorea.

Katika Soko la Kijani hapa Almaty kuna safu nzima ya akina mama wa Kikorea wanaouza saladi kwa mizani. Mimi huwa naenda moja kwa moja kwenye funchoza: tambi nyembamba za wanga, mara nyingi wa ndengu, zilizo angavu kama glasi, zikichanganywa na karoti, matango na pilipili hoho zilizokatwa vijiti vyembamba. Tambi huloweshwa kwa maji moto dakika chache, kisha husuuzwa kwa maji baridi. Mafuta yakishachemka sana humwagwa juu ya kitunguu saumu, pilipili ya unga na mbegu za dania zilizotwangwa. Siki, mchuzi wa soya, basi. Huachwa saa kadhaa ikolee, na huliwa ikiwa baridi. Najua utasema hicho ni kiporo.

Hawa si Wakorea wa Seoul. Babu zao waliishi pande za Vladivostok, Urusi. Mwaka 1937 Stalin, akidai kuwa wangeipelelezea Japani, aliamuru wahamishwe wote. Watu wapatao 172,000 walipakiwa kwenye mabehewa wakaja kushushwa Kazakhstan na Uzbekistan. Huko Ushtobe, Kazakhstan, wengi waliumaliza msimu wa kwanza wa baridi ndani ya mashimo waliyochimba ardhini. Kabichi ya kimchi, achari yao, hawakuipata. Karoti zilikuwepo, basi wakazitia viungo vyao, ikatokea saladi ambayo Korea kwenyewe haikujulikana.

Ila wanaonishangaza zaidi ni wenyeji. Wakazakh walikuwa wafugaji kama sisi Waturkana, na serikali hiyohiyo ilikuwa imewapokonya mifugo; njaa ya 1930 hadi 1933 iliua watu wapatao milioni 1.5. Wazee wetu bado wanaitaja Lopiar, ule ukame wa kuelekea 1980, na huo haukuletwa na askari. Wakazakh wenye msiba wa namna hiyo ndio walioletewa wageni. Leo karoti za Kikorea ziko kwenye meza ya sherehe za Kikazakh, na sijasikia mtu akiuliza ni za nani.

Kwetu ni tofauti. Wewe ulipeleka kuni kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma ukarudi na unga, na sifa za baasto ya Wasomali na injera ya Waethiopia. Kambi ipo tangu 1992, na bado mjini Lodwar mtu analipia sahani ya baasto, anaimaliza, halafu anasema amekula chakula cha wakimbizi. Kauli hiyo siipendi.

Tambi zenyewe utazipata Nairobi, kwenye maduka ya Wachina. Usijaribu kwa spageti, haina ule mtelezo. Karoti zinazoletwa na malori ya Kitale zinatosha, na siki usiibanie. Baba ukimwekea funchoza hapo nyumbani Nadapal, usimwambie ni ya baridi mpaka awe ameshatia mdomoni.