Venezia, Mji wa Mwinjili Marko



Baadhi yenu mmetuuliza habari za Venezia, tulikolala siku mbili baada ya kumzuru Mtakatifu Antoni kule Padova. Lililotushangaza kwanza ni ukimya. Katika mji ule wa kale hakuna gari, pikipiki wala baiskeli. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua, takataka huzolewa kwa mashua, na marehemu naye huvushwa majini hadi San Michele, kisiwa cha makaburi. Husikii ila nyayo, kengele, na maji yakipiga kuta.

Majengo yale mazito yamesimama juu ya nguzo za miti zilizoshindiliwa topeni, mahali ambapo hewa haifiki, hivyo zimedumu karne nyingi. Chini ya Kanisa la Santa Maria della Salute husemwa kwamba zimo zaidi ya milioni moja. Kanisa hilo ni tunda la nadhiri: tauni ya mwaka 1630 ilipowateketeza watu, mji ulimwahidi Mama wa Mungu hekalu, na hata leo kila tarehe 21 Novemba waamini huenda humo kushukuru.

Katika Basilika la Mtakatifu Marko tulikaa kitambo kirefu. Mapokeo yasema kuwa masalia ya Mwinjili yalichukuliwa Aleksandria mwaka 828 na wafanyabiashara wa Venezia, wakayafunika kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa bandari, waliokuwa Waislamu, wasiyapekue. Mozaiki iliyo juu ya mlango mmojawapo yaonyesha kisa hicho bila haya yoyote! Sisi tuliotoka Afrika hatukuweza kukitazama kwa furaha ileile ya wenyeji. Tulifarijika kukumbuka kwamba mwaka 1968 Papa Paulo VI aliwarudishia Wakopti sehemu ya masalia hayo.

Maji nayo hayawaachi. Usiku wa tarehe 12 Novemba 2019 yalipanda hadi sentimita 187, yakaingia ndani ya Basilika. Tangu Oktoba 2020 milango mikubwa ya chuma huinuliwa baharini kuyazuia. Lakini watu wanaoondoka hawana wa kuwazuia. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Wageni ni mamilioni, hata mwaka 2024 halmashauri ikaanza kuwatoza wa mchana kiingilio cha euro 5 katika siku za msongamano, kama watozwavyo waingiao mbugani.

Tulishiriki kuadhimisha Misa ya asubuhi katika parokia moja ndogo. Waamini walikuwa tisa, wote wakubwa kwetu kwa umri. Baada ya Misa bibi mmoja alitueleza kwamba nyumba yao ilikuwa na familia nane. Sasa amebaki yeye, na vyumba vingine hukodishwa kwa wapitaji. Usiku, alisema, hutazama madirisha ya jirani akaona giza tupu. Nasi tulikuwa tumelala katika chumba cha namna hiyohiyo, hatua chache kutoka kwake.

Akatuuliza kama parokiani kwetu tuna watoto wa kubatiza. Tulipomtajia idadi ya wale wa Pasaka iliyopita, alituomba tuirudie, kisha akamwita mwenzake aje naye aisikie.