Ratiba ya mtoto wa mwaka wa sita

Mtoto wa mwaka wa sita wa sekondari hapa Bugeshi ana mtihani wa taifa mbele yake, na Chuo Kikuu cha Rwanda hudai afaulu angalau masomo mawili makuu. Anayechukua Fizikia, Kemia na Hisabati hana jioni ya kupoteza.

Mwaka jana kijana mmoja alisinzia mbele ya msahafu, nasi tukamkaripia. Kumbe alikuwa ameamka saa tisa usiku, na baridi yetu hii, kumalizia Hisabati. Tuliona haya.

Basi wa mwaka wa sita sasa tunawasomesha Jumamosi na Jumapili tu, baada ya Adhuhuri. Jioni zilizobaki tumeziacha kwa ajili ya vitabu, wazazi, si kwa ajili ya kuvuna viazi.