Friji ya gesi au ya umeme? Pima kabla hujatoa mtaji



Katika ziara zangu za karibuni swali moja limenijia mara kwa mara, Micheweni, Kengeja na hata pale Chake sokoni: "Nimeonyeshwa friji iliyotumika, inakubali gesi na umeme. Umeme ukikatika nawasha gesi, biashara inaendelea. Ninunue?"

Friji hizi nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya yale magari ya Ulaya na Marekani yenye kitanda na jiko ndani, ambayo watu huyatumia kusafiria na kulala njiani. Ni ndogo, hazina kelele, na muuzaji anazisifu kweli kweli. Mimi kazi yangu ni ya ugani, na chanjo za kuku zinanilazimisha kujua mambo ya baridi, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyajua.

Jibu fupi ni hili. Kama umeme umefika kwako, usinunue. Kama umeme haujafika na unataka kuhifadhi vitu kidogo tu, inaweza kukufaa, lakini kwa masharti. Kama unataka kugandisha samaki, usinunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Sasa nikueleze kwa nini.

Inavyofanya kazi

Friji ya kawaida ya dukani ina kompresa, ile mashine inayonguruma nyuma. Umeme unazungusha kompresa, kompresa inasukuma gesi ya kupozea kwenye mabomba, na joto linatolewa nje.

Friji ya gesi haina mashine inayozunguka. Ndani ya mabomba yake mna maji, amonia na haidrojeni. Moto mdogo unachemsha maji yenye amonia, amonia inapanda, inapoa, kisha inavuta joto la ndani ya friji. Yaani moto ndio unaoleta baridi. Waliobuni mtindo huu ni wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Wazee wanaozikumbuka friji za mafuta ya taa wanaijua kazi hiyo: utambi ulifanya kinachofanywa sasa na gesi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ukiichomeka friji hii kwenye umeme haigeuki kuwa friji ya kompresa. Umeme unapasha moto kijiti cha chuma, na kijiti hicho kinachukua nafasi ya moto wa gesi. Kazi ni ile ile ya kuchemsha.

Hesabu ya matumizi

Chukua friji ndogo ya lita 100 hivi. Kijiti chake cha umeme huwa cha wati 120 au zaidi kidogo. Kwa joto letu kitawaka karibu muda wote. Wati 120 kwa saa 24 ni karibu uniti 3 kwa siku. Friji ya kompresa ya ukubwa huo huo inatumia uniti 1 au chini yake. Kwa hiyo kila siku unalipia baridi ile ile mara tatu.

Kwa gesi, friji hiyo inakula takriban gramu 250 mpaka 350 kwa siku. Mtungi wa kilo 6 utakupeleka siku 17 mpaka 24. Wa kilo 15 utakupeleka siku 43 mpaka 60. Chukua bei ya mtungi unayouziwa kwenu, ongeza nauli ya kuuleta mpaka nyumbani, gawa kwa siku hizo. Kisha chukua bei ya uniti moja ya umeme. Weka namba mbili hizo pamoja na faida yako ya siku. Kama baridi inakula faida, biashara hiyo ni ya muuza gesi.

Kwa nguvu ya kupoza, gesi mara nyingi inaishinda ile njia ya umeme ya friji hiyo hiyo, kwa sababu moto una joto kubwa kuliko kijiti. Kuna njia ya tatu, ya betri ya volti 12. Iache. Inavuta zaidi ya ampea 10 mfululizo na betri yako ya sola itakufa usiku mmoja. Mwenye sola atafute friji ya kompresa iliyotengenezwa kwa sola.

Joto la kwetu

Angalia kibati kilichobandikwa ndani ya friji. Utaona herufi. SN na N maana yake imetengenezwa kwa pahala ambapo joto halipiti nyuzi 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Za magari ya safari mara nyingi utakuta SN. Sasa fikiria kibanda cha bati wakati wa kaskazi, saa nane mchana. Friji ya SN itawaka, itakula gesi, na soda itabaki vuguvugu.

Na hata ikiwa nzima, ni ya polepole. Ukiiwasha tupu, subiri nusu siku mpaka siku nzima ipoe. Mlango ukifunguliwa kila mteja anapokuja, hairudi upesi.

Mchuuzi wa samaki nisikilize vizuri. Kilo 20 za changu waliotoka baharini wana joto la nyuzi 28 hivi. Friji hii, hata isingekuwa na kazi nyingine, ingechukua karibu siku nzima kuwafikisha kwenye sifuri, achilia mbali kuwagandisha. Wakati huo samaki wameshaanza kuharibika tumboni. Samaki anataka barafu tangu chomboni, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ndani ya sanduku lenye kifuniko kizuri. Fedha ya friji weka kwenye sanduku na barafu.

Umeme ukikatika je?

Kabla ya mwaka 2010 Pemba tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ndio waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipotuunganisha. Umeme bado unakatika, sikatai. Lakini mara nyingi ni saa chache, na kwa saa chache huhitaji friji ya gesi. Friza ya kifua iliyojaa, ikifungwa isifunguliwe, inashika ubaridi siku moja mpaka mbili. Kama haijajaa, jaza nafasi kwa chupa za maji yaliyoganda. Friji ya kawaida inashika kama saa nne, na chupa hizo zinaiongezea.

Ukiniambia litokee kama la Unguja, walipokaa gizani karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hilo ni jambo jingine. Hapo friji ya gesi itaokoa dawa na maziwa ya nyumbani. Haitaokoa friza la samaki.

Nani inamfaa

Inamfaa mtu wa kisiwa kidogo au shamba la mbali ambapo nguzo hazijafika: mwenye duka anayeuza maji na juisi kidogo, mfugaji anayeweka maziwa ya jioni mpaka asubuhi, au kikundi kinachotunza chanjo ya kideri. Chanjo inataka nyuzi 2 mpaka 8, kwa hiyo nunua na kipimajoto, ukiweke ndani ya glasi ya maji, ukisome asubuhi na jioni. Usiisogeze chanjo kwenye kile chumba cha barafu.

Kabla hujalipa

Kwanza, soma volti. Za Marekani zina kijiti cha volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka, kijiti kitapata joto karibu mara nne ya lake na kuungua.

Pili, nusa na tazama nyuma. Harufu kali ya amonia, ile ya choo kisichomwagiwa maji, au unga wa manjano kwenye mabomba, maana yake imevuja. Hairekebishiki kijijini. Ondoka.

Tatu, mwambie muuzaji aiwashe kwa gesi jioni, wewe urudi asubuhi. Glasi ya maji ndani isome chini ya nyuzi 8. Akikataa kukusubirisha, amekujibu.

Nne, zima moto kwa kuupuliza. Ndani ya dakika moja usikie mlio mdogo wa "tak". Ni kifaa cha usalama kinachofunga gesi. Kisipofunga, gesi itaendelea kutoka, itatulia chini sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na itangojea kiberiti chako.

Tano, regyuleta ya mtungi ilingane na namba ya presha iliyoandikwa kwenye kibati, mara nyingi milibari 30. Usifunge ile ya majiko makubwa ya mkahawa.

Ukishaiweka

Iweke sawasawa kabisa, hasa kwenye sakafu ya udongo. Ikiinama, amonia haiteremki vizuri, na baada ya muda mabomba yanaziba moja kwa moja. Ikishasafirishwa, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Moto uwe wa buluu. Ukigeuka manjano, safisha kichomeo. Chumvi ya bahari, masizi na nyavu za buibui huziba tundu lake.

Na hili la mwisho ndilo kubwa. Kwenye gari lake, moshi wa friji hii ulikuwa unatoka nje kupitia matundu ya ukutani. Ikitolewa mle na kuwekwa chumbani kwako, moshi unabaki na wewe. Nilimkuta mchuuzi mmoja anayelala dukani kulinda mali, kitanda chake mkono mmoja kutoka kwenye friji, moto wa manjano, ukuta wa nyuma mweusi kwa masizi, na dirisha amelifunga kwa sababu ya mbu. Alilalamika kwamba kila asubuhi anaamka na kichwa kinamuuma, akidhani ni homa. Ile haikuwa homa. Hewa ya kaboni haina harufu, na mtu akishalala hawezi kujiokoa. Siku ile ile tulitoa kitanda, tukatoboa ukuta nyuma ya friji, tundu moja chini na jingine juu. Kichwa kikaacha kumuuma.

Kwa hiyo usilale chumba kimoja na friji ya gesi, hata usiku mmoja, hata kama mvua inanyesha.

Ukitaka tuipime pamoja kabla hujanunua, mwambie sheha wako anipigie.