Mbwa wa Machungani Anataka Mwendo

Ukitoka Nachingwea mjini kwenda Ruangwa, unapita kwenye mikorosho. Halafu utaona mihogo, mbaazi na ufuta, kisha mikorosho tena. Mji wa Nachingwea ulikua upesi kuanzia mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga. Mradi ulishindwa, ukafungwa mwaka 1951. Reli iliyotoka Mtwara nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Pale mjini jina la Stesheni limebaki, lakini garimoshi halipo.

Wenyeji wa wilaya hizi mbili, Wamwera, ni wakulima. Zamani ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o. Mbwa walikuwepo, lakini kazi yao ilikuwa kuwinda, na kufukuza nyani na nguruwe-mwitu mashambani.

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwahamisha wafugaji kutoka Bonde la Ihefu, huko Usangu. Wengi walielekezwa mkoa wa Lindi. Walikuja na ng'ombe wao, na nyuma ya ng'ombe walikuja mbwa. Basi leo ukisafiri njia hii utakutana na kundi, kijana mwenye fimbo, na mbwa wawili au watatu wanaonusa kila kichaka.

Ndugu msomaji, mbwa huyu si sawa na mbwa wa kulinda nyumba. Huko Uingereza wako mbwa wanaokusanya kondoo kwa kusikiliza mluzi wa mchungaji. Katika mji wa Bala, Wales, watu waliwashindanisha mbwa hao tangu mwaka 1873. Mbwa wetu hafundishwi mluzi. Anayeswaga ng'ombe ni kijana na fimbo yake. Mbwa hutangulia, hunusa, hubweka akisikia harufu ya fisi au chui, na hulala zizini na ndama. Lakini mbwa wa kule na wa huku wanafanana kwa jambo moja: wote wamezoea kutembea mchana kutwa. Hiyo ndiyo afya yao.

Upande wa Ruangwa niliongea na mzee mmoja mfugaji. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kigoda chini ya mwembe. Mbwa wake, aitwaye Tabu, alikuwa amelala fofofo saa nne asubuhi. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Haumwi, bwana mifugo," alinijibu. "Ametembea tangu alfajiri. Miguu ya mbwa ina deni. Asipolilipa asubuhi, atalilipa usiku kwa jirani."

Maneno hayo ni ya kweli kabisa. Katika kijiji kimoja, wakati wa kuvuna ufuta, ng'ombe walipelekwa mbali bondeni ili wasiguse mazao. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mbwa mmoja aliachwa nyumbani, akafungwa kwenye mti. Alikaa hapo wiki tatu. Alibweka usiku, akatafuna kamba, akachimba mashimo. Jioni moja kamba ilikatika. Mbwa akaona mbuzi wa jirani, akawafukuza. Mbuzi wakakimbilia shambani, mahali miganda ya ufuta iliposimamishwa ikauke.

Kila mkulima wa huku anajua kilichotokea. Ufuta uliokauka maganda yake hupasuka. Ukiuangusha, mbegu humwagika mchangani, na hakuna awezaye kuziokota zote. Mkulima yule alipoteza ada ya shule ya watoto wake kwa muda wa kuvuta sigara moja. Usiku ule watu wakaanza kuzungumza juu ya sumu. Wengine walizungumza juu ya mapanga, na si kwa ajili ya mbwa tu.

Wazee walikaa nusu siku nzima. Mwenye mbwa alikubali kulipa ufuta. Akaambiwa pia ampeleke mbwa kwa kundi, au amtembeze kila siku akiwa na kamba. Kwangu mimi sharti hili la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Malipo ni ya ufuta uliokwisha kumwagika. Na sumu ingekuwa hatari zaidi, kwa maana ikitegwa njiani huua kuku na mbwa wa wengine, hata mtoto anaweza kuiokota.

Mbwa asiyekwenda machungani atembezwe vipi? Mtoe alfajiri, saa nzima, na tena jioni jua likipungua. Usimtembeze mchana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Joto likizidi ataanguka, na mchanga wa moto utamchoma nyayo. Mpe maji kabla na baada. Chakula kingi apewe akisharudi na kupumzika. Mtoto wa mbwa asikimbizwe mwendo mrefu, maana mifupa yake bado laini. Mkirudi, mkague kupe masikioni na miiba katikati ya vidole.

Chagua njia. Majirani wengi huku ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Usimpitishe kisimani, wala uani kwa watu, wala penye nafaka iliyoanikwa. Chini ya mikorosho pamefyekwa na ni pazuri kwa kutembea, lakini omba ruhusa kwanza. Asubuhi za kupuliza salfa usipite hapo, kwa kuwa vumbi lake huwasha macho ya mbwa na ya mtu.

Ikiwa mbwa hodari anaanza kubaki nyuma, usimpige ukidhani ni mvivu. Mbung'o bado wapo, na nagana huwapata mbwa pia. Mbwa mwenye nagana hukonda, huwa na homa, na macho yake huweza kuingia ukungu mweupe. Mwone mtaalamu wa mifugo mapema.

Liko pia jambo la kichaa cha mbwa. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, bweha nao wamekutwa na ugonjwa huu mara nyingi. Mbwa anayetembea porini anaweza kuumwa na bweha bila wewe kuona. Kwa hiyo achanjwe kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje dalili, kwa sababu zikishatokea mgonjwa haponi.

Mwulize ofisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Mlete mbwa kwa kamba, asubuhi na mapema. Kwenda na kurudi hapo, deni la miguu yake kwa siku hiyo litakuwa limekwisha.