Mabawa, Joto na Shati la Maziwa na Sukari

Msimu wa kaskazi, Februari, joto la Tanga halina huruma. Ndipo tulipofika Mabawa, nimtambulishe mchumba wangu kwa shangazi. Bwana kavaa suti nyeusi yenye bitana, tai mpaka kooni. "Ukweni siendi kihuni," aliniambia. Hata chai haijaletwa, shati limemganda mgongoni na hasira zote kanigeuzia mimi. Tukanuniana mbele ya wenyeji!

Shangazi hakusema kitu. Alimpa kikoi cha mumewe na maji ya kuoga, kisha akatuelekeza kwa fundi wa jirani. Fundi akatoa kitambaa cha pamba, mistari ya bluu na nyeupe, chenye vikunjokunjo: siasaka. Jina limetokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya maziwa na sukari, yaani mstari mmoja laini, mwingine wenye chengachenga. Nyuzi hufumwa kwa mkazo tofauti, ndiyo maana kitambaa hakilali juu ya ngozi na upepo unapita. Pasi wala hakiitaki.

Kukivaa ni kwa kiasi. Shati lisilobana, suruali ya rangi moja, makubazi ya ngozi, basi. Ukivaa mistari juu na chini, utadhaniwa umetoka kulala.

Kesho yake jioni tulipunga upepo Raskazone, bega kwa bega, tunacheka. Tuliporudi, shangazi akamtazama, akaninong'oneza: "Mwanangu, leo ndiyo nimemwona mkwe. Jana niliona suti tu."