Skafu ya Mchezo

Hapa Kolwezi asubuhi za mwezi wa Juni baridi huuma. Katika miaka ya 1950, kwenye kambi za Union Minière, akina mama walifundishwa kushona na kufuma. Wanaume walihesabu ni kazi ya wake. Lakini vijana wetu walipohitaji skafu ya mchezo, tulikwenda kwa mama mmoja mzee, tukashika sindano mbili.

Skafu humfaa mwanafunzi: haina mikono, ni safu juu ya safu. Huko Uingereza, mwaka 1974, Begonia Pope alipewa sufu nyingi afume skafu ya mchezo wa televisheni, Doctor Who. Aliifuma yote, skafu ikapita urefu wa mtu, na Tom Baker akaivaa.

Mama alituonya: kitanzi kimoja kikiponyoka, kidakwe upesi, kisije kikafumua vilivyo chini yake. Mchezo umekwisha, sasa skafu yamkinga mtoto aendaye shule alfajiri.