Nafasi ya Nne

Wiki nzima sijaandika hata ukurasa mmoja wa riwaya yangu, na sababu ni kikaratasi chenye majina ya vipande vinne.

Mwalimu wetu wa kwaya hapa Ipinda amenipa robo saa baada ya ibada nipige kinanda peke yangu, bila waimbaji. "Chagua mwenyewe, panga mwenyewe." Basi nikajiona niko Vienna! Nikaandika harakaharaka: Preludi ya Bach ya C, Sonatina ya Clementi, ile Sonata ya Beethoven ya 1801 iitwayo ya Mbalamwezi, na mwisho tuni ya Hassler tunayoimba Ijumaa Kuu.

Beethoven alianguka kwanza. Piano kamili ina vibonyezo 88, kinanda chetu 61. Bach anaingia kama mguu kwenye kandambili lake: nota yake ya chini kabisa ndiyo kibonyezo cha mwisho kushoto. Beethoven, kipimo cha pili tu, mkono wa kushoto unadai kushuka palipo na plastiki tupu.

Lakini kilichoninyima usingizi ni Hassler. Tuni hiyo ilianza mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi, jamani, kabla kanisa halijaichukua na Bach kuirudiarudia katika Mateso ya Mathayo. Kwangu mimi ndiyo tuliyomzikia mama. Tangu siku ile baba hajakanyaga kanisani. Safari hii amesema atakuja, ila atawahi kutoka, ana lindo kwenye ghala la kakao. Nikiiweka mwisho, haisikii. Nikiiweka mwanzo, naogopa atanyanyuka.

Nikaiweka ya pili. Kutoka C kwenda A ndogo vibonyezo ni vyeupe vilevile, humshtui mtu.

Je, Clementi? Sonatina yake ya 1797 inakimbiakimbia. Baada ya wimbo wa maziko niliona ni kama watoto kucheza rede uani mwa msiba. Nikamfuta. Halafu nikakumbuka nilichosoma kwa Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930: mazikoni wanawake wakilia, vijana walicheza ngoma na mikuki mkononi.

"Tata, ni kweli?" nilimwuliza baba jioni.

Akacheka, kitu adimu siku hizi. "Babu yangu alizikwa hivyo. Vumbi mpaka kwenye migomba!"

Sikumwambia kwa nini nauliza. Clementi nimemrudisha, wa tatu. Nafasi ya nne bado iko wazi. Saa hiyo baba atakuwa ameshaondoka, naweza kupiga chochote.